Mti au plastiki: veranda yetu ya Garuga

Ukijenga kwenye mteremko huku Garuga, upande wa Entebbe, mahali pa kupunga upepo jioni hapapatikani bure. Njia ya kila mtu ni kujenga ukuta wa mawe upande wa chini, kujaza moramu lori baada ya lori, kushindilia, kumwaga zege na kubandika vigae. Njia nyingine ni kusimamisha nguzo na kutandika sakafu ya mbao juu yake, maji ya mvua yapite chini yaende zake. Mimi na mzee wangu tulikaa na kalamu tukaona ule ukuta peke yake unakula pesa ya sakafu nzima ya mbao. Tena majirani wa chini walishaonja maji mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda likaipita hata alama ya 1964, na hatukutaka kuwaongezea ya kwetu kutoka juu. Basi tukakubaliana: mbao.

Tukadhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Siku hizi kuna mbao za mti, na kuna hizi za kompositi ambazo wauzaji wengi Kampala wanaziita tu mbao za plastiki. Mwanangu aliye Dubai alikuwa upande wa plastiki, anatuma picha kila Ijumaa. Mzee alikuwa upande wa mti, maana amekulia Arua kwenye vumbi la msumeno wa baba yake na haamini kitu kisichonuka mbao. Mimi niliyeshika pesa nikachukua daftari nikaanza kuzunguka.

Kwa asiyeijua, kompositi ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, karibu nusu kwa nusu, na mara nyingi ni plastiki ya jamii ya vidumu na mifuko. Mchanganyiko huo huyeyushwa, husukumwa kwenye tundu lenye umbo la ubao, ukatoka mrefu kama tambi, ukakatwa. Wamarekani ndio walioieneza miaka ya 1990. Zile za mwanzo zilikuwa na ila moja: unga ulio karibu na uso bado ni mbao, kwa hiyo unanyonya maji na kuota madoa meusi ya ukungu. Baadaye viwanda vikaanza kuuvika ubao ngozi nyembamba ya plastiki tupu. Ndiyo maana ukiwa dukani usianze na rangi. Inua ubao, tazama ncha iliyokatwa. Utaona kama una ngozi au hauna, kama ngozi imezunguka pande zote au imewekwa juu tu, na kama ndani ni mzima au una matundu. Wenye matundu ni mwepesi, bei yake ni nafuu, na ndio niliokutana nao zaidi. Maji yakiingia kwenye yale matundu hayana haraka ya kutoka, na sisimizi wakishahamia humo kuwatoa ni kazi.

Kijana wa dukani, mpole sana, aliniimbia wimbo wote. Hajati, haiozi. Hajati, mchwa hawaigusi. Hajati, hutapaka rangi maisha yako yote. Nikamuuliza, "Na inakalia nini, mwanangu?" Akanionyesha picha ya veranda ya Ulaya, maua kila kona, watu wanakunywa kahawa. Kilichoko chini ya zile mbao hakikupigwa picha.

Na mimi shida yangu ilikuwa huko chini. Kompositi haibebi nyumba, haibebi hata veranda. Ni ngozi tu, lazima ilale juu ya maboriti, tena maboriti yaliyosogeleana kuliko yale ya mbao za mti. Zilizo nzima ndani kwa kawaida zinataka boriti kila sentimita 40, kutoka katikati hadi katikati, na karatasi ya zile zenye matundu nilizoonyeshwa iliandika 30. Ubao mgumu wa mti wenye unene wa inchi moja na nusu unaweza kuruka sentimita 60 bila kulalamika. Sasa fikiria: unanunua sakafu iliyoahidiwa miaka 25, halafu unailaza juu ya maboriti ya paini au mkaratusi yaliyokuja jana kutoka msituni, yamegusa udongo wa Garuga. Ngozi itabaki nzima, na siku moja mgeni atatumbukia nayo.

Mchwa wa huku si wa kutaniwa. Hawa kumbikumbi tunaowakaanga mvua zikianza, ambao Waganda wanawaita nswa na wanawauza kwa kikombe barabarani, wana ndugu zao chini ya ardhi ambao hawaruki. Wanajenga mfereji wa udongo kutoka ardhini, wanapanda nguzo polepole wakiwa gizani, na unachokiona wewe ni mstari mwekundu uliokauka ukadhani ni matope ya mvua. Ukigonga boriti kwa kifundo cha kidole linaitika tupu. Plastiki iliyoko juu hawana haja nayo. Wao wanakula kinachoishikilia.

Kwa hiyo kabla ya kuamua juu, tuliamua chini. Fundi wangu ni Mkongomani wa upande wa Aru, mtu wa maneno machache. Alimwaga vigingi vya zege vilivyotoka juu ya ardhi kiasi cha futi moja, akasimamisha juu yake nguzo za chuma za mraba, akazipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu tabaka mbili, na maboriti yote akayachomelea kwa chuma hicho hicho. Hakuna kipande cha mti kinachogusa udongo. Chini pameachwa wazi, mtu anaweza kuinama na tochi akakagua kila kigingi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo chuma kilichopakwa vizuri kinaishi. Ningekuwa Mombasa ningefikiri mara mbili.

Kulikuwa na ushauri mwingine, maana ukijenga Uganda kila anayepita ni mhandisi. Mmoja alisema tutumie nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile za kijani kama za umeme. Kwa uzio sina neno nazo, lakini dawa ile ya kijani ni shaba, kromu na aseniki, na Wamarekani waliiacha kwenye majengo ya kukaa watu mwisho wa mwaka 2003. Veranda hii wajukuu wanatambaa juu yake. Tena nani hapa ataniambia vipande vilivyobaki havitaishia jikoni chini ya sufuria? Moshi wa ile dawa ni sumu. Mwingine akashauri oili chafu ya gari, ipakwe kila mahali. Inazuia mchwa kwa muda, ni kweli, na inaharibu kanzu ya mzee kila Ijumaa, na mvua ikinyesha inateremka ziwani. Hapana.

Tukarudi kwenye mbao zenyewe. Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, ukifika na kusema unataka mbao za nje, utaonyeshwa kila kitu. Musizi ni mwepesi na mzuri kwa kazi za ndani, lakini mvua na udongo vinaumaliza haraka. Paini isiyotiwa dawa ni vivyo hivyo. Mkaratusi una nguvu, ila unajipinda na kupasuka kwa hasira zake, hasa ukikatwa mbichi. Nkalati ibaki ndani ya nyumba. Mugavu ni jambo lingine. Mafundi wa mitumbwi wa ziwa hili wanaujua, na mbao inayokaa majini na watu ndani siidharau. Nyumbani kwetu West Nile wazee wangekuambia afzelia, ndugu yake yule mbambakofi wa milango ya pwani. Lakini tangu amri ya rais ya Mei 2023 kuukata huko kaskazini kumepigwa marufuku, pamoja na mti wa shea, na sikuona sababu ya kutafuta kichochoro.

Mzee alitaka mvule, na kusema kweli kwa kazi hii hakuna wa kuushinda hapa kwetu. Ila mvule una vitimbi vyake. Unga wake unawasha pua na ngozi, fundi alifunga kitambaa usoni na bado alipiga chafya mchana kutwa. Ndani yake wakati mwingine mna mawe, mawe kweli, chokaa iliyogandamana ndani ya shina, na msumeno ukiyapata meno yanaruka. Kisha kuna ule ukingo mweupe. Kiini cha mvule, ile sehemu ya rangi ya dhahabu inayogeuka kahawia, mchwa wanaiheshimu. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome wanaila kama mti mwingine wowote. Muuzaji atakuambia "hii yote ni mvule", na hasemi uongo. Wewe geuza kila ubao, ukiona ukingo mweupe umeingia upana wa vidole viwili, uweke pembeni hata akuna kichwa namna gani.

Kilichonisumbua zaidi ni mahali unapotoka. Mvule haupandwi shamba kwa shamba kama paini, kwa sababu kuna mdudu mdogo anayefanya machipukizi ya miche kuvimba na kufa, na anapenda sana miche ikiwa mingi pamoja. Kwa hiyo mvule mkubwa unaoukuta sokoni ulisimama peke yake miaka mingi kwenye ardhi ya mtu, Busoga au West Nile, au umevuka kutoka Kongo. Mbao halali za msitu wa serikali zinapigwa muhuri wa nyundo na Mamlaka ya Misitu, NFA. Niliuliza muhuri mahali kadhaa. Sehemu moja nilijibiwa, "Nnyabo, unanunua mbao au unanunua muhuri?"

Suluhisho lilitoka kwa mkwe wetu aliye Jinja. Jirani yake alikuwa anabomoa duka la zamani ajenge ghorofa, na maboriti ya paa yalikuwa mvule mtupu, meusi kwa moshi na umri. Tuliyanunua yote. Yalipopasuliwa Ndeeba, ndani yalitoka ya dhahabu kabisa, makavu, yamenyooka, yana matundu ya misumari tu. Mpasuaji alinitoza zaidi kwa sababu ya misumari iliyobaki ndani, na alikuwa na haki. Tuliikosa miwili na yeye akaipata kwa msumeno.

Hayakutosha, kwa hiyo ngazi na ukingo wa nje vimetokana na mugavu mpya. Fundi aliugusa akasema, "Hajati, hii iko bado mubichi." Akaupanga chini ya paa la stoo, vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite, ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Sina kile kifaa cha kupima unyevu. Nilikata kipande, nikawa nakipima kila wiki kwenye mizani yangu ya jikoni, naandika uzito kwenye daftari. Mwanzo kilipungua kwa pupa, kisha polepole, kisha kikagoma kupungua. Siku kilipogoma ndipo nilipompigia fundi simu. Mzee alicheka sana kuniona napima mbao kwenye mizani ya unga wa ngano, lakini ngazi hazijajipinda.

Sasa, nisije nikaambiwa sikuipa plastiki nafasi. Kijana wa dukani alinipa vipande vya mfano, kimoja kahawia iliyokolea na kimoja kijivu, na mimi nikaviweka uani pamoja na kipande cha mvule, mahali pasipo kivuli. Jua letu la ikweta saa saba mchana halina adabu. Kile cha kahawia mjukuu alikikanyaga akaruka. Cha kijivu kilikuwa na nafuu. Mvule ulikuwa na joto la kuvumilika. Kwenye veranda yetu, ambako nusu haina paa na watu wote wanaacha viatu mlangoni, jambo hilo peke yake lilipima zaidi ya picha zote za Dubai.

Halafu sigiri, jiko letu la makaa. Hapa Uganda niambie veranda gani haijawahi kuwekwa sigiri. Nilidondosha kaa moja jekundu juu ya kila kipande, nikahesabu hadi kumi, nikaliondoa kwa koleo. Kwenye mvule lilibaki doa jeusi la ukubwa wa shilingi, nikapiga msasa, likaondoka. Kwenye plastiki palilainika pakazama, pakawa na shimo linalong'aa, na ukilipiga msasa unaondoa ile ngozi unayoilipia. Hakuna dawa yake isipokuwa kubadilisha ubao.

Jaribio la tatu plastiki ilinishinda nguvu. Mimi na dada wa kazi tunamenyea matoke nje, na utomvu wa ndizi ni adui wa kila kitu. Ulipodondoka kwenye mvule mtupu uliacha weusi ulioingia ndani, na sabuni haikuuona. Kwenye kile cha kijivu chenye ngozi nilifuta kwa kitambaa na maji kabla haujakauka, ukatoka wote. Hata usubi wa ziwani, ambao usiku mmoja taa ikiwaka unafunika sakafu kwa mizoga, unafagilika vizuri zaidi kwenye plastiki.

Lakini kilichokata kesi ni ule ubao wa kubadilisha. Huwa tunauliza kitu kitadumu miaka mingapi, hatuulizi kikiharibika kimoja nitapata wapi mwenzake. Mbao za plastiki nilizoonyeshwa zinakuja kwa kontena kutoka Uchina kupitia Mombasa, na kontena linalofuata si lazima lilete ubao ule ule. Milimita mbili za unene, mfereji wa pembeni wa kibanio, kile kinachoushika ubao kwenye boriti, ukihama kidogo, rangi ikikolea, basi umebaki na meno mawili yasiyolingana. Kuna mkahawa mmoja Entebbe, sitautaja, sakafu yake ina kahawia za aina tatu kwa sababu hiyo, na mwenyewe si mtu wa kubana pesa. Ubao wangu wa mvule ukivunjika kesho, fundi anapima inchi tano na nusu, anakata, anapiga randa, anarudisha kwa skrubu. Hahitaji kibanio cha kiwanda wala ruhusa ya mtu.

Na mafundi wenyewe wanaujua mti. Wanajua kwamba unavimba kwa upana wakati wa mvua, wakaacha nafasi ya msumari mnene kati ya ubao na ubao. Plastiki inarefuka kwa joto, kwa urefu wake, hivyo nafasi lazima iachwe kwenye ncha. Fundi aliyezoea kubananisha ncha kwa nyundo ataipanga ikiwa baridi asubuhi, na mchana itainua mgongo. Si kosa la ubao.

Bei? Plastiki yenye ngozi, pamoja na yale maboriti ya chuma yaliyosongamana inayoyataka, ilikuja karibu mara mbili ya tulicholipa sisi. Lakini sisi tulibahatika na duka la Jinja, na ningenunua mvule mpya tofauti isingekuwa kubwa hivyo. Mwanangu anasema niongeze pia mafuta ya kitani, ambayo tunapaka mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Septemba. Hesabu yake ni sahihi. Vanishi tuliikataa kwa sababu jua hili linaibambua magamba, na kuikwangua ndiyo kazi ya kweli. Mafuta unapaka kwa kitambaa asubuhi moja, wajukuu wakisaidia na kuharibu, basi. Vile vitambaa usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta ya kitani yakikauka yanazalisha joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Mimi navianika kwenye kamba kimoja kimoja hadi vikauke vikawa vigumu.

Wifi yangu wa Muyenga alipoona kazi imekwisha akataka kunakili. Nikamwambia wewe nunua plastiki. Alishangaa. Lakini yeye anakaa ghorofa ya tatu, roshani yake iko juu ya zege, mchwa hawafiki, paa linaifunika karibu yote, anatoka alfajiri anarudi usiku, na hana mtu wa kumpakia mafuta hata mara moja kwa mwaka. Anamenya matoke hapo hapo kila Jumapili. Anapikia gesi, sigiri haijui. Kwake mti ungekuwa adhabu. Alichukua ya kijivu, nzima ndani, yenye ngozi pande zote, juu ya vipande vya alumini, na hadi leo inapendeza.

Nilimwagiza mambo machache kabla hajalipa, na kwa kuwa watu wananiuliza, ni haya. Anunue mbao za ziada, hata sita, azihifadhi chini ya kitanda. Anunue na vibanio vya ziada vya aina ile ile. Aombe ile karatasi ya dhamana na asome nani hasa atakayeitekeleza, maana dhamana ya miaka 25 ya kiwanda kisicho na mwakilishi Kampala ni karatasi. Na amwombe muuzaji amwonyeshe ubao mmoja uliokaa nje juani na mvuani angalau mwaka, usiwe wa kwenye rafu. Akisema hana, aende duka linalofuata.